Paa la Turubai au Paa la Bati?



Tangu muhula huu uanze, habari moja yazungumzwa kila mahali katika shule yetu, bwenini, chumba cha kulia, hata kwenye foleni ya kinyozi: habari ya motokaa ya shule. Wazazi wamekubali kutununulia gari moja madhubuti, lile ambalo magurudumu yake yote manne husukumwa na injini, ili Chama cha Wanyama wa Porini na darasa la Jiografia wapate kufika Murchison Falls, Queen Elizabeth, Sipi, na Mungu akipenda Kidepo, bila kukodi gari la watu. Yameonekana magari mawili ya kuchagua. Yote mawili ni Land Rover za zamani zilizokaa papa hapa Uganda siku nyingi. Maana tangu mwaka 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 15, kwa hiyo atakaye Land Rover ya namna ile sharti aitafute kwa wenye nazo. Injini zao ni za namna moja, na bei zao hazipitani sana. Tofauti kubwa ni paa. Moja ina paa la turubai, ya pili ina paa gumu la bati. (Nasema paa la gari; paa wa porini tutamwona tukifika.)

Walio wengi miongoni mwetu wataka turubai. Katika mdahalo wa Jumamosi turubai lilishinda kwa kura nyingi, na makofi yakapigwa hata mwenyekiti akagonga meza mara tatu. Mimi ni wa upande ulioshindwa, na bado naona kuwa upande wetu ulisema kweli. Kamati ya wazazi haijakata shauri. Basi naandika kabla fedha hazijatoka.

Kwanza niwape wapenzi wa turubai haki yao, kwa kuwa yako mambo waliyoyasema ambayo hayana ubishi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, nayo ilikuwa gari la shamba lenye turubai juu. Chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, kwa hiyo mwili wake ulifanywa kwa alumini, na chuma kikawekwa katika fremu ya chini. Mtu akisema kwamba turubai ndilo paa la asili la Land Rover, hakosei. Tena turubai ni jepesi, na gari lisilo na uzito juu husimama imara zaidi likipita kando ya mlima. Kule Bududa au Kisoro hilo si jambo dogo. Turubai likipasuka safarini, fundi yeyote mwenye sindano kubwa na uzi wa nta atalishona mkaendelea na safari. Lakini kioo cha mlango wa nyuma kikivunjika, sharti mrudi Kampala mkakitafute Kisekka.

Na jambo la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililoleta zile kura zote: ukilikunja turubai huko Ishasha, upande wa kusini wa Queen Elizabeth, ambako simba hupanda mitini wakalala juu ya matawi, utamwona simba kwa macho yako mawili pasipo kioo wala nguzo katikati. Nani asingependa?

Lakini Ishasha ni safari ya siku mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote gari letu litakuwa barabarani, na barabara zetu ni za mvua, radi, vumbi na jua. Gari yafaa lichaguliwe kwa siku zake nyingi.

Sisi watu wa Kampala mvua twaijua. Majira yake ni mawili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, lakini Ziwa Victoria halisomi kalenda. Wingu laweza kupanda kutoka ziwani siku yoyote, na kabla hujafika Nateete umekwisha kulowa. Turubai jipya huzuia maji vizuri. Turubai la miaka mitano je? Maji hupita penye mishono, penye matundu ya kamba, na zaidi ya yote nyuma, ambako pazia halifungi sawasawa. Tena turubai halipendi kukunjwa likiwa bichi. Likikunjwa hivyo likaachwa stoo likizo nzima, huota kuvu likaoza, hata muhula unaofuata walitoboa kwa kidole. Katika shule yenye watu mia kadhaa, nani atakayekumbuka kulianika? Mmeyaona mahema ya Skauti yalivyo.

Hata hivyo hayo ni ya kulowa tu, na kulowa hakuui. Radi ni jambo jingine. Nchi yetu ni katika nchi zinazopigwa sana na radi. Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Wilaya hiyo iko katika barabara kuu ya kwenda Gulu, ambayo twaweza kuipita siku tutakapokwenda Kidepo.

Na hapa ndipo mdahalo ulipoharibika. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba gari lolote, liwe la turubai au la bati, ni salama kwa radi kwa sababu lina matairi ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Watu wakashangilia. Jambo hilo si kweli. Radi iliyokwisha kukata kilometa nzima ya hewa, ambayo nayo haipitishi umeme kwa kawaida, haitashindwa na kipande kidogo cha mpira kilichobaki kati ya gari na ardhi. Kinachookoa watu garini ni mwili wa gari wenyewe. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga huko London chumba kikubwa, akakivika metali pande zote, akaingia ndani na vyombo vyake vya kupima, huku nje chumba kikirushiwa umeme mkali. Ndani vyombo vyake havikuonyesha umeme wowote. Umeme hupita upande wa nje wa kasha la metali ukashuka ardhini, na aliye ndani haudhuriki. Land Rover yenye paa la bati ni kasha la namna hiyo, ila madirisha tu. Ukiyafunga madirisha, ukaweka mikono yako mapajani bila kushika chuma, umepata mahali pa kungojea ngurumo zipite.

Land Rover ya turubai si kasha. Ni sinia lililofunikwa kitambaa. Vile vyuma vilivyopinda vinavyoshika turubai ni vyembamba, vimeachana mbali, navyo viko karibu na vichwa vya watu.

Labda mtu ataniuliza, mbona shule zetu nyingi zina mapaa ya bati, na radi yaua watu mumo humo? Swali ni jema. Bati la nyumba hukaa juu ya kuta za matofali au za udongo, wala hapana metali ya kuushusha umeme mpaka chini, isipokuwa shule iwe imewekewa waya maalum wa kuzuia radi. Ni kifuniko pasipo sufuria. Gari la paa gumu ni sufuria pamoja na kifuniko chake.

Sasa nije kwenye hewa. Jambo hili halikusemwa kabisa siku ya mdahalo, nami naliona kuwa kubwa kuliko mvua. Gari likienda mbio hupasua hewa mbele, na nyuma yake huacha mahali penye hewa haba. Hewa ya kando hukimbilia kupajaza, nayo huja na kila ilichokikuta njiani. Litazameni lori lolote katika barabara ya murram wakati wa kiangazi: mbele ni safi, ubavuni pana vumbi kidogo, nyuma wingu jekundu lazunguka na kulifuata kama mbwa. Gari la turubai lililofunguliwa nyuma hulinywa wingu hilo. Ukilifunga pazia, vumbi hupita pembeni mwa pazia. Nimewaona watu wakishuka katika magari ya namna hiyo wote wakiwa na nywele za rangi moja, wazee na vijana.

Vumbi laoshwa. Bomba la moshi nalo latolea nyuma, na moshi huvutwa ndani kwa njia ile ile. Katika moshi wa injini, hasa injini kuukuu ya petroli, mna kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu akiivuta huanza kuumwa kichwa, kisha kusinzia, na wenzake wadhani amechoka na safari. Tena fikirini ni nani watakaokaa nyuma. Dereva na mwalimu watakaa mbele, penye kioo na hewa safi. Nyuma tutakaa sisi, na miongoni mwetu wamo wenye pumu ambao hata chaki huwasumbua. Mlango wa nyuma wa gari la bati una mpira pembeni wa kuziba. Mpira huo ukiwa mzima, moshi haupati njia kwa urahisi. Ukiwa umeoza, basi hata gari la bati halifai mpaka ubadilishwe. Turubai halina mpira wa kubadilisha.

Wapenzi wa turubai wana silaha moja ambayo mimi naiogopa, nayo ni joto. Wasema kwamba bati saa saba mchana ni tanuri. Kila aliyesoma katika darasa la bati aijua habari hiyo, na aijua pia ile ya mvua kubwa, mwalimu anapoacha kufundisha na kutuambia tusome kimya, kwa maana sauti yake haisikiki. Babu zetu walikaa chini ya nyasi na hawakujua joto la mchana. Lakini waliotengeneza Land Rover waliliona shida hili zamani. Kwa magari yaliyokwenda nchi za jua walitengeneza paa la mabati mawili, moja juu ya jingine, na nafasi kati yake ya hewa kupita. Jua huchoma bati la juu. Upepo wa safari huondoa moto ule kabla haujashuka. Bati la chini hukaa kivulini. Wakaweka na vipenyo vidogo vya hewa darini vinavyofunguliwa kwa mkono. Gari lile tulilooneshwa halina bati hilo la pili. Hata hivyo, mafundi wa Katwe wanaofanya malango, vitanda na mabodi ya malori hawatashindwa kukata bati la alumini na kulifunga juu ya paa kwa vipande vya kuliinua. Si kazi ya Ulaya.

Wengine wasema tusigombane, tuchukue lenye bati, na siku ya kwenda kuona wanyama tulifungue paa lote tuliache nyumbani. Jambo hilo lawezekana kweli, kwa kuwa paa la Land Rover limefungwa kwa bolti, na watu wachache wenye spana waweza kuliinua likatoka zima. Lakini mimi sidhani litafanyika zaidi ya mara moja. Bolti za gari kuukuu zina kutu, paa likirudishwa halikai kama lilivyokaa, mipira inayoziba maji hukatika, na wakati wote ule paa lenyewe lataka mahali pa kuwekwa ambapo mpira wa miguu hautalifikia. Afadhali litobolewe tundu moja kubwa juu lenye kifuniko, kama yafanyavyo magari mengi ya kuwatembeza wageni katika mbuga zetu. Mtu husimama akatoa kichwa, akamwona simba wake, akakaa. Ngurumo zikianza, kifuniko kifungwe.

Wezi sitawazungumza sana. Kila mtu ajua kwamba turubai hufunguliwa kwa wembe, na kwamba gari litakalosimama mjini karibu na Owino likiwa na darubini na mahema ya shule halitakaa nusu saa. Nyani nao ni vivyo hivyo. Wale wa karibu na kivuko cha zamani cha Paraa wamezoea watu hata hawaogopi kuingia garini kuchukua ndizi, na sijaona turubai litakalomzuia nyani mwenye njaa.

Nakuja kwenye jambo ambalo ni zito kuliko yote, nalo ni gari kupinduka. Katika mdahalo upande wetu ulisema kwamba bati litatulinda gari likibiringika. Hapo siwezi kuwafuata wenzangu. Paa la alumini la Land Rover ya zamani ni jembamba. Gari lile lina uzito unaozidi tani moja, na likiegemea paa lake, nguzo za madirisha zaweza kupinda. Vyuma vya turubai havifai hata kutajwa. Kazi yao ni kushika kitambaa. Kinachozuia watu wasifinywe ni fremu ya mabomba manene ya chuma iliyofungwa ndani ya gari mpaka kwenye chasisi, na mikanda ya kuwashika watu vitini ili wasirushwe nje. Fremu hiyo yaweza kuwekwa katika gari lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo kamati ikiniuliza kama ni bati au turubai litakalotuokoa siku hiyo, nitajibu kwamba ni fremu na mikanda, na fedha yake itengwe kwanza, kabla ya rangi na kabla ya jina la shule mlangoni. Na vile viti vya nyuma vya kukaa ubavu kwa ubavu tukitazamana kama waombolezaji, viondolewe, viwekwe vinavyotazama mbele. Mkanda humshika vizuri mtu anayetazama mbele.

Wa turubai husema pia kwamba gari likipinduka, mtu wa turubai hukata kitambaa akatoka, lakini wa bati hunaswa ndani. Ni kweli, ikiwa mlango wa nyuma hufunguliwa kwa nje tu. Basi uwekewe kitasa cha ndani.

Lakini iko hatari moja inayoletwa na paa la bati lenyewe, na turubai halinayo. Paa gumu huwaita watu kupakia. Leo watafunga kichanja cha chuma juu yake, kesho magodoro, keshokutwa jerikeni za maji, na siku ya kurudi kutoka Mbarara mikungu ya matooke ya kila mwalimu. Tumeona kamunye na mabasi yanavyobeba nyumba nzima juu. Tuliosoma Fizikia twajua kwamba kitu huanguka pale ambapo mstari wa uzito wake unapotoka nje ya miguu yake, na Land Rover ina miguu ya karibu karibu: kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia hapazidi sana meta moja na robo. Ukiuinua uzito juu, kona ambayo jana ulipita vizuri leo hutapita. Faida ile ya wepesi niliyowapa watu wa turubai hapo mwanzo, sisi wa bati tutaipoteza mara mbili. Kwa hiyo nataka paa la bati, lakini lisilo na kichanja, sasa wala baadaye. Mizigo iwekwe chini sakafuni, na isiyoingia ibaki Kampala. Najua walimu wengine hawatafurahi kusoma maneno haya.

Kamati itakwenda kuliona gari tena, na nasikia wanafunzi wawili wataruhusiwa kwenda nao. Watakaochaguliwa wafanye mambo haya. Waligonge paa kwa vidole na kutazama mahali palipokwaruzwa, wahakikishe kuwa ni alumini kweli. Kwani yako mapaa magumu yaliyofanywa kwa fibaglasi, na hayo kwa radi hayana tofauti na turubai. Wasitumie sumaku, maana sumaku hainasi alumini wala fibaglasi, itawadanganya. Waombe ndoo nne za maji zimwagwe juu huku mmoja amekaa kiti cha nyuma. Kisha injini iwashwe, madirisha yote yafungwe, gari litembezwe mwendo mfupi tu, na aliye nyuma anuse. Akisikia moshi hata kidogo, wasimame hapo hapo, wafungue milango, wapige magoti nyuma ya gari watazame mpira wa mlango na bomba la moshi, waandike.

Upande wa turubai ulishinda ukumbini, nami sikatai hesabu ya kura. Lakini habari ya moshi na habari ya radi hawajazijibu. Mhariri ameniambia kwamba amewaachia ukurasa mzima katika toleo lijalo, na kamati, kama nilivyosikia, itakutana baada ya mitihani.